Msimamizi wa Duka la Vifungo

Duka la Bi Rozália Lautmannová limo katika barabara kuu ya mji mdogo wa Slovakia, na rafu zake zimejaa visanduku toka chini hata juu, ambavyo mpita njia akivitazama kwa dirishani hudhani vimesheheni vifungo, nyuzi, lesi na tepe za kila rangi, ilhali vingi havina kitu ndani, na ajuza mwenye duka, mjane asiyesikia vyema wala kuona vyema, anaishi kwa msaada wa Wayahudi wenzake wanaomchangia ili asife njaa. Mizani ya duka hili haipimi faida ya kumlisha paka. Hata hivyo ndilo duka ambalo kwa ajili yake seremala mmoja, Tóno Brtko, mtu asiye na chuki na yeyote, anapoteza kwanza insafu yake, kisha roho ya mwingine, kisha roho yake mwenyewe.

Hikaya hiyo ndiyo ya filamu iitwayo Obchod na korze, yaani duka lililo barabara kuu, iliyotolewa Chekoslovakia mwaka 1965 na waongozaji wawili waliofanya kazi pamoja kwa miaka mingi, Ján Kadár na Elmar Klos, kutokana na maandishi ya Ladislav Grosman. Filamu nyingi zinazosimulia tawala za kidhalimu humweka jabari katikati ya picha, na sare yake, na sauti yake, na damu iliyo mikononi mwake, hata mtazamaji akatoka ukumbini ameshukuru moyoni kwamba yeye si mtu wa namna ile. Kadár na Klos hawakumwachia mtazamaji shukrani hiyo. Mtu waliyemweka katikati ni mpole, mvivu kidogo, mpenda mbwa wake, mcheshi akilewa, fundi mwenye mikono mizuri. Na kila tulipokwisha kumpenda walitukumbusha anafanya nini pale dukani.

Yafaa kueleza ulikuwa utawala gani. Machi 1939, Ujerumani ya Hitler ilipoivunja Chekoslovakia, Slovakia ilitangazwa kuwa dola peke yake chini ya himaya ya Wajerumani, na mwaka huohuo Jozef Tiso, padri wa Kanisa Katoliki, akawa rais wake. Wanamgambo wa chama chake, Walinzi wa Hlinka, wakavaa sare nyeusi na kutamba barabarani. Sheria zikafuatana moja baada ya nyingine juu ya Wayahudi, ambao idadi yao ilikuwa kama 89,000, mpaka Septemba 1941 ilipotungwa kanuni moja kubwa iliyoyakusanya makatazo yote. Maduka na karakana zao zaidi ya 10,000 zikafungwa kabisa, na nyingine zaidi ya 2,000 zikakabidhiwa wenyeji waliohesabiwa kuwa wa damu safi. Machi 1942 treni ya kwanza iliondoka stesheni ya Poprad imechukua wasichana kuwapeleka Auschwitz. Kufikia Oktoba watu wapatao 58,000 walikuwa wamekwisha kuhamishwa, nao waliorudi wakiwa hai ni wachache mno. Tena serikali ya Tiso ilikubali kuilipa Ujerumani marki 500 kwa kila mtu aliyechukuliwa, kwa sharti kwamba hatarejeshwa, na kwamba mali aliyoiacha itabaki Slovakia.

Sharti hilo ni zito kuliko hotuba zote za chuki zilizotolewa zama zile. Serikali hailipi fedha ili jirani asirudi isipokuwa wapo raia wake waliokwisha kukaa katika kiti cha jirani huyo, na waliokaa, aghalabu, hawakuwa mashetani. Walikuwa watu kama Tóno, ambao wake zao walikuwa wakitamani kanzu mpya na ambao hawakupenda ugomvi. Mei 1942 bunge la nchi hiyo lilipoletewa sheria ya kuhalalisha uhamisho uliokwisha kuanza, anayekumbukwa kwa kukataa kuiunga mkono ni János Esterházy, kiongozi wa Wahungari walio wachache nchini humo.

Sasa turudi kwa seremala wetu. Filamu inapoanza, Tóno hana kazi, japo uwanjani mwa mji panajengwa mnara mkubwa wa mbao wa kuutukuza utawala, kazi inayohitaji maseremala wengi. Amesusa. Amesusa kwa sababu ya kisirani cha kifamilia, kwa kuwa mwenye amri ya ujenzi ule ni mwanyumba wake, Markuš Kolkotský, mume wa dada wa mkewe, ambaye Tóno anaamini alimdhulumu katika urithi wa mkwe wao. Jambo hili ni la kutazamwa kwa makini, maana laonyesha kwamba Tóno anaweza kusema hapana. Anaisema kwa muda mrefu, na kwa hasara yake mwenyewe, na mkewe Evelína anamsuta usiku na mchana. Lakini hapana yake imetokana na kinyongo, haina mzizi mwingine, na siku kinyongo kikipozwa kwa chupa mbili tatu za pombe na maneno matamu ya udugu, hapana hiyo haina tena pa kusimama.

Basi usiku mmoja Kolkotský na mkewe wanabisha hodi, wamebeba vyakula na vinywaji na zawadi. Sijui filamu nyingine iliyoonyesha kwa subira kama hii jinsi mtu anavyonunuliwa bila yeye kusikia sauti ya fedha. Watu wanakula, wanakunywa, wanaimba, wanakumbatiana, wanasameheana. Tóno, akiwa chakari, anamwiga Hitler kwa kelele na mikono, akiwachekesha na kuwatisha wote kwa pamoja, na katika mchezo ule tunaona kwamba anajua wazi upuuzi wa watawala wake, wala hadanganyiki nao hata kidogo. Kisha, wakati dhiki za miaka mingi zinaonekana kuyeyuka, mwanyumba anatoa karatasi: Tóno ameteuliwa kuwa msimamizi wa duka la Lautmannová. Evelína analia kwa furaha. Nani atakayesimama, katika meza yenye vyakula kama vile, mbele ya mke aliyecheka baada ya miezi ya kununa, akairudisha karatasi? Hakuna bunduki chumbani mle, wala hakuna kitisho kilichotamkwa. Palikuwa na aibu tu ya kuiharibu karamu, na aibu hiyo ilitosha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaomtia Evelína lawama yote. Kweli, waongozaji wamemchora kwa rangi kali. Tamaa yake ya dhahabu inayodhaniwa kufichwa na Wayahudi imefanywa kuwa kubwa hata yachukiza, na waandishi wa visa, toka kale, wamekuwa wepesi wa kumtafutia mwanamume dhaifu mwanamke wa kumsukuma. Lakini Tóno ni mtu mzima mwenye akili timamu, tena akili yake ni pevu kuliko ya mwanyumba wake. Anayemwambia mtazamaji kwamba mke ndiye aliyemponza, amempa Tóno udhuru ambao filamu yenyewe, ikitazamwa mpaka mwisho, haimpi.

Asubuhi ya pili anaingia dukani na karatasi yake. Ajuza hasikii. Anadhani huyu ni mteja, kisha anadhani ni mtu wa serikali, kisha, baada ya kutafakari, anaona kuwa kijana huyu mwema ameletwa kumsaidia kazi, kwani yeye amekwisha kuchoka. Ndipo anapoingia Imrich Kuchár, mwenyeji asiye Myahudi aliye rafiki wa Wayahudi, akamfunulia Tóno siri ya visanduku vitupu, na wazee wa Kiyahudi wa mji, waliohofia kwamba Tóno akiondoka ataletwa Mlinzi wa Hlinka wa kweli, wakampangia mshahara ili aendelee kuwa msimamizi kwa jina. Yaani wanaodhulumiwa wanamlipa mdhulumu wao ili asiwe mdhulumu mbaya zaidi. Tóno anaupokea mshahara, anampelekea mkewe kama faida ya duka, na kila mtu anaridhika.

Zikafuata siku ambazo ni za kupendeza, na ni lazima ziwe za kupendeza, maana ndizo zenye sumu. Tóno, ambaye hajui kifungo cha koti na kifungo cha shati, anaichukua zana yake na kuvitengeneza vitu vya ajuza vilivyovunjika. Bi Rozália anampikia. Anamtolea sandukuni suti ya marehemu mumewe, na kofia, Tóno akavivaa akapita navyo barabarani akionekana muungwana. Jumamosi anataka kulifungua duka, naye ajuza anamkemea kwa kuivunja siku ya ibada kana kwamba anamkemea mjukuu. Kati yao kunazaliwa mapenzi ya kweli. Mtu aliyekuwa hana staha nyumbani kwake anaipata katika nyumba aliyoingizwa kwa karatasi ya dhuluma.

Kwa rai yangu, moyo wa filamu uko hapo. Wema wa Tóno si wa unafiki; anampenda bibi yule, na angempa chochote, isipokuwa kile kimoja kilichohitajika. Kila jioni anapomaliza kugongelea mguu wa kiti, anakwenda zake akijiona mtu mwema, na kujiona mwema kunamfanya aweze kulala, na kwa kuwa analala, karatasi inaendelea kukaa mfukoni mwake. Wema wake umekuwa kama dawa ya kutuliza maumivu anayopewa mgonjwa ambaye jeraha lake halijasafishwa. Tunawajua watu wa namna hii katika kila utawala mwovu: ofisa anayetoa kibali cha kumfukuza mtu kisha akamwambia kwa siri aondoke usiku asisumbuliwe, karani anayeliandika jina katika orodha kwa mwandiko mzuri, akalia anapofika kwake. Si watu wa kubuni, wala machozi yao si ya uongo.

Hata huku kwetu Afrika ya Mashariki tuna jambo la kutufanya tulielewe duka hili. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke nchini, na maduka yao yakagawiwa askari na watu wa kupendelewa, ambao Waganda waliwaita mafuta mingi. Husimuliwa kwamba baadhi ya wenye maduka wapya, kwa kutojua biashara, waliitazama namba ya ukosi wa shati wakadhani ndiyo bei yake. Watu wamezoea kukicheka kisa hicho. Lakini nyuma ya kila shati lililouzwa hivyo palikuwa na jirani aliyeondoka na sanduku moja, na palikuwa na mtu aliyeupokea ufunguo, pengine akisema moyoni kwamba asipoupokea yeye, ataupokea aliye mbaya kuliko yeye. Waliofukuzwa Uganda walipelekwa uhamishoni, wale wa Slovakia walipelekwa kuuawa, na si haki kuyalinganisha mambo hayo mawili kwa ukubwa wake. Ninalinganisha mkono unaopokea ufunguo.

Amin naye aliingia katika sinema, na filamu ya The Last King of Scotland ya mwaka 2006, ambayo Forest Whitaker alishinda Oscar kwa kumwigiza, inamfuata daktari wa kubuniwa kutoka Scotland aliyenogewa na mapenzi ya rais hata akawa mshauri wake na, kwa neno moja la fitina, akasababisha kifo cha waziri. Ni filamu nzuri. Lakini daktari yule alipewa gari, jumba na sikio la mkuu wa nchi. Kosa lake lina anasa nyingi mno kwa mtu wa kawaida kujiona ndani yake. Tóno alipewa visanduku vitupu.

Kisha yaja siku ya uhamisho, ambayo filamu inaipa nafasi kubwa, na haki yake. Mbiu imepigwa mjini: Wayahudi wote wakusanyike uwanjani na mizigo yao. Kuchár, aliyekuwa akiwasaidia, amekwisha kukamatwa, akapigwa na kusimamishwa hadharani na kibao kinachomtangaza kuwa rafiki wa Wayahudi, na Tóno amemwona. Ni lazima kusema kwamba Kuchár hakuwa shujaa wa upanga. Alikuwa mzee wa mji aliyekuwa akifanya mambo madogo madogo ya msaada, na kilichomtofautisha na Tóno ni kwamba aliyafanya bila kuwa na karatasi mfukoni. Tóno amelewa, amelala dukani, na asubuhi kupitia dirishani anaona uwanja wote umejaa watu wenye mabegi, na majina yanasomwa kwa mpangilio wa herufi, moja baada ya jingine, kwa sauti ya ofisi.

Bi Rozália hajui lolote, na ana ibada yake. Tóno anasikiliza orodha. Herufi inayomhusu ajuza inapita na jina lake halisomwi, naye anapata tumaini: labda wamemsahau. Lakini tumaini hilo linamletea hofu nyingine iliyo mbaya zaidi, kwamba ikiwa wamemsahau, basi yeye msimamizi anamficha Myahudi, na adhabu ya kumficha Myahudi anaijua. Hapo anaanza kuyumba kwa namna ambayo Jozef Kroner, mchezaji aliyemwigiza, aliionyesha kwa uso na mabega mpaka mtazamaji anashindwa kukaa vizuri kitini. Dakika hii anamsihi bibi ajifiche, dakika ile anamvuta kuelekea mlangoni atoke akajiunge na wenzake, anakunywa, anamlaani, anamwomba radhi, anamkumbusha, kana kwamba anamshitaki, jinsi alivyomtendea mema. Mema yale yote, viti na kabati na kuni, yamegeuka kuwa deni ambalo sasa analidai. Na ajuza, anapouona umati uwanjani na kufahamu hatimaye, anatamka neno moja tu la mauaji ambalo Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walilijua toka enzi za babu zao: pogrom. Kisha Kolkotský anaonekana akija upande wa duka, na Tóno, kwa fadhaa, anamsukuma bibi ndani ya stoo na kuufunga mlango. Walinzi wanapita. Anapoufungua mlango, Bi Rozália amekufa kwa msukumo ule. Tóno anajinyonga.

Watu wengi huuliza, baada ya kutazama, angefanya nini mtu maskini yule asubuhi ile. Swali ni la haki, na jibu ni kwamba asubuhi ile alikuwa hana tena la kufanya lililo jema bila kuhatarisha maisha yake, na hakuna ajuaye kama yeye mwenyewe angeyahatarisha. Lakini filamu ni ya saa mbili na dakika chache, na sehemu yake kubwa imetumika kutuonyesha siku ambazo kukataa kulikuwa rahisi: kungemgharimu chakula cha jioni kimoja kilichoharibika, mke aliyenuna, mwanyumba aliyekasirika. Bei ilipanda kila siku aliyochelewa kulipa, mpaka ikafika roho.

Ipo tamati inayobishaniwa. Baada ya kifo, Tóno na ajuza wanatokea barabarani wamevaa mavazi ya sherehe, bendi inapiga, wakaondoka wakicheza katika nuru nyeupe. Wako wanaoiona ni faraja. Mimi naiona ni zawadi ya waongozaji kwa mtu wao, waliyempenda kupita kiasi, na ningependelea wangemnyima. Lakini naelewa walikotoka. Wazazi na dada yake Kadár waliuawa Auschwitz. Mtu aliyepotewa na hao ana haki ya kumtoa mwanamke mmoja mzee katika stoo ile kwa sura yoyote aitakayo.

Kadár na Klos walijua pia kwamba hawasemi juu ya mwaka 1942 peke yake. Mwaka 1952, Chekoslovakia ikiwa chini ya utawala wa kikomunisti, katika mashtaka ya Prague yaliyomnyonga Rudolf Slánský, kiongozi wa zamani wa chama hicho, na wenzake kumi, wengi wao Wayahudi, makazini kote nchini watu waliinua mikono kupitisha maazimio ya kudai adhabu kali, na walioinua hawakuwa wote waumini wa chama. Waongozaji wenyewe walionja utawala huo: filamu yao ya mwaka 1958, Tři přání, ilipigwa marufuku, nao wakasimamishwa kazi kwa muda. Walipoileta Obchod na korze mwaka 1965, watazamaji wa Prague na Bratislava hawakuhitaji kuambiwa kwamba Tóno bado yu hai. Mwaka huo Kroner na Ida Kamińska, aliyemwigiza ajuza, walitajwa kwa heshima Cannes. Mwaka uliofuata filamu ikapata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, na baadaye Kamińska naye akapendekezwa kwa Oscar ya mchezaji bora wa kike.

Huyo Kamińska alizaliwa Odessa mwaka 1899 katika aila ya watu wa tamthilia ya Kiyidi, na baada ya vita, watu waliokuwa wakijaza ukumbi wake wakiwa wamekwisha kuuawa karibu wote, alirudi Poland akaongoza Tamthilia ya Kiyahudi ya taifa mjini Warsaw, akiamini kwamba mahali pake ni hapo. Miaka mitatu baada ya filamu, mwaka 1968, serikali ya kikomunisti ya Poland ilianzisha kampeni yake yenyewe juu ya Wayahudi, bila treni na bila kambi, kwa mikutano ya makazini, kwa makala za magazetini na kwa kuwaondoa watu kazini mmoja mmoja, na kila mkutano ulihitaji mwenyekiti, katibu na wanachama wa kupiga kura. Maelfu waliondoka, na hati waliyopewa ya kutokea iliwavua uraia. Kamińska, mwenye umri wa karibu miaka 70, aliondoka pamoja nao. Alifia New York mwaka 1980.